Tusivute Miche, Tusiache Magugu

Mada iliyotolewa na Kamati ya Elimu na Mipango katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa wana-Misugusugu



Katika mkutano uliopita kijana wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo sisi wanakamati hatukuweza kulijibu palepale. Alisema: “Wachina tunawaona kila siku. Wako viwandani, wako barabarani, wengine tunafanya nao kazi. Wazee mnatuambia zamani walikuwa maskini kama sisi. Wao walifanyaje?” Watu walicheka kidogo, kisha ukumbi ukawa kimya. Tulimwahidi kwamba tutalifanyia kazi. Leo tumekuja kulipa deni.

Swali hilo lina majibu mengi. Yapo ya siasa, ya uchumi, ya vita na njaa walizopitia, na hatutaweza kuyamaliza hapa. Sisi tumechukua upande mmoja tu: hekima ambayo wazee wa China waliwafundisha watoto wao tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tumesoma, tumeulizana, tumebishana, na tumekuta kwamba wazee wale wangekuwa leo katika ukumbi huu wangetuelewa vizuri. Wangetusifu kwa machache, na wangetusema kwa mengi.

Tuanze na mkulima.

Alikuwapo mwalimu aliyeitwa Mencius, Wachina humwita Mengzi, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Alisimulia habari za mkulima mmoja wa nchi ya Song. Mkulima huyu alipanda miche yake, akawa anaitazama kila siku, akaona haikui. Roho ikamuuma. Siku moja akaingia shambani, akaanza kuivuta mche mmoja mmoja kwenda juu ili irefuke. Jioni alirudi nyumbani hoi, akawaambia watu wake kwamba leo amechoka kwelikweli, maana ameisaidia miche kukua. Mwanawe akatoka mbio kwenda kutazama. Akakuta miche yote imenyauka.

Kila aliyelima mpunga katika bonde la Ruvu ameshacheka. Lakini Mencius hakuishia kwenye kicheko. Alisema watu wasiofanya kama mkulima yule ni wachache sana duniani. Kisha akataja kosa la pili. Wapo wanaoona hakuna faida ya kuhangaika, wakaliacha shamba bila kulipalilia. Basi kuna wanaovuta miche, na kuna wanaoacha magugu. Yeye alikuwa anazungumzia namna ya kuukuza moyo wa mtu, lakini maneno yake yanatosha kwa shamba, kwa nyumba, na kwa jumuiya kama hii yetu.

Sisi Waswahili tunazo methali mbili ambazo watu huzitumia kupingana. Mmoja akisema, “Haraka haraka haina baraka,” mwenzake anajibu, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Kila mtu huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Aliyechelewesha mchango anashika ya kwanza. Anayetaka fedha leo anashika ya pili. Mencius anatuonyesha kwamba methali hizo hazigombani, kwa sababu kati ya kuharakisha na kungoja ipo kazi inayoitwa kupalilia. Mkulima hawezi kuuamuru mche ukue. Anachoweza ni kuutolea magugu, kuufukuzia ndege na kuupelekea maji, leo, kesho na keshokutwa. Kukua ni kazi ya mche. Kupalilia ni kazi yetu.

Ndugu zetu, hebu tujitazame majumbani. Kuvuta miche kwetu kuna sura nyingi. Kijana anataka mtaji, hana subira ya kikundi cha kuweka na kukopa, anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Ndani ya miezi michache wanakuja kuchukua televisheni, kisha godoro. Mwingine kila jioni anabeti, anaamini wiki hii mkeka utajibu. Na wapo waliouza eneo la babu kwa haraka kwa sababu mnunuzi alikuja na fedha mkononi. Eneo likazaa pikipiki. Pikipiki leo imekufa, na eneo lina ukuta na geti la mtu mwingine, na mjukuu wa mwenye eneo anaomba kazi ya ulinzi kwenye geti hilohilo. Hatusemi haya kumcheka mtu. Katika kamati hii hii wamo waliofanya hivyo.

Wazee wetu waliopanda minazi walijua habari hii kabla yetu. Mnazi wetu wa asili unakula miaka sita na zaidi kabla haujatoa nazi ya kwanza. Mzee aliyeupanda akiwa na mvi hakuwa anajipandia mwenyewe. Aliupanda, akaupalilia, akawaachia wengine.

Sasa tutazame kosa la pili, na hapa tuseme ukweli kuhusu jumuiya yetu.

Mnalijua boma letu la madarasa mawili na ofisi. Siku tunaweka jiwe la msingi kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau, kulikuwa na ahadi. Kuta zilipanda haraka mpaka kwenye linta. Kisha kazi ikasimama. Mvua za masika zimenyesha juu ya kuta hizo, na za vuli pia. Tofali za juu zimeanza kulika. Ndani pameota vichaka, na mbuzi wa jirani wamepafanya kivuli chao. Watoto tuliowaambia kwamba watasomea humo wamekwishahama madarasa, na wengine wamemaliza shule.

Tulipokaa kujichunguza tulikuta kwamba hatukufanya kosa moja, tulifanya yote mawili. Kwanza tulivuta miche: tulianza na ramani kubwa kuliko fedha zilizokuwa mkononi, tukitegemea shangwe za siku moja. Kisha tuliacha magugu: shangwe zilipokwisha hatukuwa na utaratibu wa mwezi kwa mwezi. Kosa hilo ni letu viongozi kwanza, na tunaomba radhi mbele yenu.

Mencius huyo huyo alitoa mfano mwingine unaotuchoma zaidi. Alisema mtu anaweza kuchimba kisima akaenda chini sana, lakini akiacha kabla hajayafikia maji, hana kisima. Ana shimo. Jasho lililomwagika halibadilishi jina la shimo. Vivyo hivyo boma lililosimama kwenye linta si darasa. Hakuna mtoto anayeweza kusomea ndani ya juhudi zetu.

Hapo mtu atasema, “Lakini kazi ni kubwa, na sisi ni wachache.” Kwa jambo hilo Wachina wanayo hadithi ya mzee wa karibu miaka 90 waliyemwita mjinga. Nyumba yake ilizibwa na milima miwili, Taihang na Wangwu, kila safari akawa analazimika kuzunguka. Akaikusanya familia yake, wakaamua kuiondoa milima hiyo kwa majembe na vikapu, wakawa wanakwenda kuumwaga udongo baharini. Hata mtoto mdogo wa mama mjane, jirani yao, alikuja kusaidia. Akatokea mzee mwingine, huyo akiitwa mwenye busara, akamcheka: kwa umri wako huo utaweza nini? Mzee mjinga akamjibu kwamba yeye akifa watabaki wanawe, na wanawe watazaa wana, na wajukuu watazaa wengine, nao hawataisha. Lakini milima haiongezeki. Mwenye busara akakosa la kusema. Hadithi inamalizika kwa Mungu wa mbinguni kuguswa na kuagiza milima ihamishwe.

Hadithi hii imo katika kitabu cha kale kiitwacho Liezi. Mwaka 1945 Mao Zedong aliitumia katika hotuba yake, na katika miaka ya 1960 Wachina waliisoma na kuisoma tena. Tunaitaja kwa sababu watu waliokuja kujenga reli ya TAZARA walitoka katika nchi iliyokuwa inaimba hadithi hiyo.

Wazee wetu wa Kibaha na Kisarawe wanaikumbuka kazi ile. Reli inapita Kisarawe, na Mzenga kuna stesheni yake. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikwisha kusema kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. Mkataba na China ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na madaraja zaidi ya 300. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi hiyo pamoja kwa maelfu, na si wote waliorudi kwao. Ukipita Majohe, kule Gongo la Mboto, yako makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia huku.

Hiyo ndiyo nusu ya somo inayopendeza. Nusu ya pili ni chungu. Reli ile iliundwa iweze kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kwa kuwa vichwa vya treni vilichakaa, njia ikachoka, na fedha za matengenezo hazikutosha. Mlima ulihamishwa kwa miaka sita, lakini kupalilia kukatushinda kwa miaka arobaini. Ikiwa nchi mbili zinaweza kupatwa na hayo, sisi wa Misugusugu tusijidhanie kwamba darasa likishapauliwa kazi imekwisha. Litahitaji rangi, litahitaji madawati, litahitaji mtu wa kupanda juu kuziba bati linalovuja.

Ndugu Mwenyekiti, hapa huwa linaulizwa swali la fedha: zitoke wapi? Tumemkuta mzee mwingine wa China ambaye maneno yake yatawaudhi baadhi yenu, nasi yalituudhi. Anaitwa Mozi. Aliishi karne ya 5 kabla ya Kristo, na inasemekana alikuwa fundi wa mikono. Aliwatazama matajiri na wafalme wa wakati wake wakizika wafu kwa majeneza mazito, nguo na mali nyingi, na waombolezaji wakiacha kazi kwa muda mrefu. Akafanya hesabu kama fundi. Mali inayofukiwa haimlishi aliye hai, na mikono inayokatazwa kufanya kazi haizalishi. Akauliza kama kweli desturi hiyo inawatajirisha maskini au inazidi kuwafukarisha.

Sisi tuna yetu. Hatusemi watu wasioane, wala wafu wasiombewe. Lakini tazameni kadi za michango zilizo mifukoni mwetu. Harusi moja ina kamati, ina vikao kila Jumapili, ina mweka hazina anayepiga simu mpaka usiku, na siku ikifika fedha imetimia. Kicheni pati ina sare. Ukumbi unapambwa, asubuhi mapambo yanashushwa. Watu wale wale, ukiwapigia simu kuhusu bati za shule, mtandao unakatika. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatujui kuchanga. Tunajua sana, na utaratibu tunao. Tumeuweka tu mahali pa kusherehekea, hatujauweka mahali pa kujenga. Hata Confucius, aliyezipenda sana sherehe na heshima zake, na ambaye wafuasi wa Mozi walimpinga kwa hilo, alifundisha kwamba katika sherehe ni afadhali kiasi kuliko kufuru.

Na huyu Confucius ana jambo moja la kutufundisha kuhusu fedha za jumuiya. Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika nchi ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong. Mwanafunzi wake alimwuliza: ukipewa kuongoza nchi, utaanza na nini? Akajibu kwamba ataanza kwa kuyasahihisha majina. Mwanafunzi akaona jibu hilo halina maana. Mwalimu akamweleza kwamba majina yakiwa si sahihi, maneno hayaendani na mambo yalivyo, na kazi haziwezi kufanikiwa.

Sisi tumeona maana yake katika daftari letu. Miaka iliyopita tulisoma mbele ya mkutano jumla kubwa, watu wakapiga makofi, na fundi akaambiwa aanze. Sehemu kubwa ya jumla ile ilikuwa ahadi. Tuliiita fedha. Fundi hakulipwa kwa makofi. Tangu leo, ahadi itaitwa ahadi na fedha itaitwa fedha, kila moja kwenye safu yake. Mkopo hautaitwa mchango. Posho ya kiongozi haitaitwa matumizi mengineyo. Na kijana anayejitolea siku nzima kubeba tofali ataandikwa kwamba amechanga, kwa sababu amechanga.

Tunataka kuwa wakweli kuhusu wazee hawa wa China pia. Hawakuwa malaika, wala hawakukubaliana wao kwa wao. Katika mafundisho yao mengi mwanamke amewekwa nyuma, nasi hatuchukui hilo. Jumuiya hii ingekuwa imekufa bila mama zetu. Hata kwao waliwahi kukataliwa. Mwaka 1974, Wachina wakiwa bado wanaijenga reli ya TAZARA, nchini mwao kulikuwa na kampeni kubwa ya kumlaani Confucius. Leo anaheshimiwa tena, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina taasisi za kufundisha Kichina zenye jina lake. Kwa hiyo tuchukue kinachotufaa, tuache kisichotufaa. Waislamu na Wakristo tuliomo humu tuna vitabu vyetu na hatutafuti dini nyingine. Akili njema haihitaji kubadili kanzu.

Tumalizie na safari ya Confucius. Siku moja aliingia nchi ya Wei akiwa katika gari la farasi, mwanafunzi wake akiendesha. Akatazama nje, akashangaa jinsi watu walivyo wengi. Mwanafunzi akamwuliza: wakishakuwa wengi hivi, kifuate nini? Akajibu kwamba watajirishwe. Na wakishatajirika? Akajibu kwamba wafundishwe.

Ndugu zetu, simameni kando ya Barabara ya Morogoro pale kwetu asubuhi. Tazameni malori, daladala, bodaboda, wafanyakazi wa viwandani, watoto wa shule wanaovuka. Kibaha ya leo si ile ya mikorosho na mashamba ya mihogo tuliyoikuta. Watu wamekuwa wengi. Viwanda vimekuja, reli mpya ya umeme inapita Soga. Hatua ya kwanza ya Confucius tumekwisha kuifikia bila kuiomba. Swali lililobaki ni nani atatajirika hapa, na nani atafundishwa. Mtoto wetu akikosa darasa, utajiri utapita mbele ya mlango wake kama basi la mikoani lisilosimama kituo chetu.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo matatu, yote madogo.

Kwanza, mwaka huu hatutaanza jambo jipya lolote. Hakuna jiwe jingine la msingi mpaka boma lile lipauliwe, lipigwe sakafu, na watoto waingie.

Pili, tunaomba mchango wa kila mwezi badala ya shangwe ya siku moja. Mtu akitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ametoa 120,000. Watu 100 wakifanya hivyo ni shilingi 12,000,000. Asiye na 10,000 atoe 2,000, asiye nayo aje na jembe, maana ndani ya boma kuna vichaka vya kufyeka kweli. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kila mwenye harusi au shughuli mwaka huu, tunamwomba aondoe sehemu ndogo ya bajeti yake, hata ile ya mapambo tu, ailete kwenye bati. Jina la maharusi litaandikwa ukutani mwa darasa. Maua ya ukumbini hunyauka kesho yake. Ukuta utakuwapo mtoto wao atakapoanza shule.

Kijana uliyeuliza swali, kama uko humu, jibu letu ndilo hilo. Hatujui yote waliyofanya Wachina. Tunajua kwamba tangu zamani walikuwa na wazee waliowaambia wasivute miche na wasiache magugu, na tunajua kwamba shamba letu lina magugu leo. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi tutakuwa bomani na mapanga na majembe. Njoo na wenzako.